Kabla ya semina, anzeni na daftari

Mleta mada, umeuliza mambo mawili: kama semina ya siku moja na fulana zenye ujumbe zitapunguza vijana wanaoumia wakishalewa, na kama kuna pa kuanzia kwa kikundi kisicho na fedha. Nitakujibu kwa kirefu kidogo, maana hili nimelishika kwa mikono miaka sita, mwanzo nikijitolea kwenye chumba cha kufunga vidonda, baadaye kwenye kamati ya mtaa.

Semina tulifanya. Fulana tuligawa. Wiki mbili hazijaisha, nikamsafisha kidonda cha kwenye paji la uso kijana aliyevaa fulana ile ile, damu imegandia juu ya neno "Jitunze". Na usidhani aliupuuza ujumbe. Akiwa mzima angekuhubiria wewe na mimi. Lakini alichokijua mchana hakikumfaa chochote saa saba usiku, amekunywa tangu jioni, anashuka ngazi gizani.

Kilichotufumbua macho ni daftari la kawaida la shule. Muuguzi wa zamu ya usiku alichoka kushona watu walewale, akaanza kumuuliza kila majeruhi maswali manne tu: umeumia wapi hasa, saa ngapi, kwa kitu gani, na kinywaji cha mwisho umekinywea wapi. Jina haandiki. Mistari yake ilikuwa mifupi: "Jumamosi, saa nane kasoro, ngazi za nyuma, kaanguka." "Jumapili, saa saba na nusu, nje ya mlango, chupa." Baada ya miezi mitatu tukakaa mezani kuhesabu, na kila mmoja alikuwa na mshtakiwa wake tayari. Mimi nilikuwa na uhakika ni magenge. Mwenyekiti alisema ni pikipiki.

Wote tulikosea. Pikipiki zilikuwemo, tena ndizo zilizovunja mifupa vibaya zaidi, lakini sehemu kubwa ya mistari ilirudi kwenye sehemu tatu na kwenye muda usiozidi saa moja na nusu, kati ya baa kufunga na watu kufika nyumbani. Moja ya sehemu hizo ilikuwa zile ngazi: hazina taa, hazina mahali pa kushika. Fundi alizimaliza kwa asubuhi moja. Hakuna aliyepiga picha, hakuna aliyetoa hotuba, na neno "ngazi" likaanza kuadimika kwenye daftari.

Baadaye nikaja kugundua kwamba wenzetu walishatangulia zamani. Kule Cardiff, Wales, daktari wa upasuaji wa kinywa na uso anaitwa Jonathan Shepherd aliona kwamba majeruhi wengi wa vurugu wanaotibiwa hospitali hawafiki kabisa kwenye takwimu za polisi. Wakapanga mapokezi yaulize mahali, saa na silaha iliyotumika, taarifa zikapelekwa bila majina kwa polisi na halmashauri. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2011 ilikuta waliolazwa kwa majeraha ya vurugu ni pungufu kwa asilimia 42 ukilinganisha na miji inayofanana na huo. Sisi hatukuwa na kompyuta hata moja, ila wazo ni lilelile.

Sasa wenye baa. Hapa ndipo mtakapokwama, kwa hiyo nisikilize. Kikao cha kwanza tulikwenda na lawama, tukarudi na lawama. Cha pili tulikwenda na daftari, tukaliweka mezani, tukanyamaza. Mwenye baa mmoja alisoma mistari inayoishia "nje ya mlango", akauliza taratibu, "Hizi zote ni kwangu?" Kikao kikageuka pale. Walikubaliana wasifunge wote dakika ileile, maana watu mia wakimwagwa pamoja kugombea usafiri, bega likigusa bega ni ngumi. Wakaacha kumruhusu mteja kutoka na chupa mkononi.

Kumkatalia aliyelewa ndiko kulikuwa kugumu. Dada mmoja wa kaunta alituambia wazi: "Mnataka nimkatalie, na bosi ananihesabia mauzo. Nimsikilize nani?" Hakuwa na kosa. Makubaliano ya namna hiyo lazima yafanywe na bosi, na lazima pawe na mtu wa kukagua. Stockholm, Sweden, wamelifanyia kazi hili tangu miaka ya 1990: waliwatuma waigizaji waliojifanya wamelewa chakari wakaagize vinywaji. Mwaka 1996 walikataliwa mara 5 tu kwa kila 100. Wakawafundisha wahudumu, wakakaza ukaguzi wa leseni, na kufikia 2001 walikuwa wanakataliwa mara 70 kwa kila 100. Makosa ya vurugu katikati ya jiji nayo yakashuka. Mafunzo peke yake, bila mwenye leseni kujua kwamba anaweza kuipoteza, ni semina nyingine tu.

Kosa letu kubwa nalo nilitaje, msije mkalirudia. Mjumbe mmoja alipendekeza tubandike ukutani majina ya vijana waliokutwa wamelewa, ili waone aibu. Tukabandika. Aibu waliiona kweli: wakaacha kuja kufungwa vidonda. Mmoja aliletwa siku ya nne, mkono umevimba na unatoa usaha, kisa aliogopa kuandikwa. Tuliyabandua usiku uleule, lakini ilichukua miezi kabla hawajatuamini tena. Ndiyo maana nasisitiza daftari lisiwe na majina, na polisi wapewe mahali na saa, basi.

Kwa walio chini ya umri wa kunywa, kazi ni ya wazazi zaidi kuliko yenu. Iceland wazazi walikuwa wakizunguka mitaani kwa makundi usiku wa wikiendi, kukawa na saa za watoto kuwa ndani, na fedha za umma zikaenda kwenye michezo na muziki. Mwaka 1998 asilimia 42 ya wenye miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi uliopita, na kufikia 2016 walikuwa asilimia 5. Haikuja kwa mwaka mmoja, wala haikuja kwa kuwatisha watoto.

Na kama semina mmeshailipia, itumieni kufundisha kitu ambacho rafiki wa mlevi anaweza kukifanya kwa mikono. Tulizoea kusikia "mwacheni alale, itaisha". Pombe iliyo tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata baada ya mtu kulala, kahawa na maji baridi havimlevui, na akitapika amelala chali anaweza kupaliwa akafa. Wawekeni vijana wawili wawili sakafuni, wamlaze mwenzao ubavu, goti la juu likunjwe limzuie asigeuke, kichwa kiinamishwe nyuma kidogo, mdomo uelekee chini. Asiachwe peke yake. Asiyeamka ukimtikisa, anayepumua kwa kusuasua, au aliyegeuka rangi midomo, huyo ni wa hospitali sasa hivi. Aliyegonga kichwa pia, hata kama anaongea. Wavulana watacheka mwanzoni, waacheni wacheke, mradi kila mmoja ageuzwe na amgeuze mwenzake.

Kwa hiyo mkuu, fulana zisubiri. Ongea na mtu wa zamu ya usiku pale mnapotibiwa, mpe daftari na kalamu, umsubiri miezi mitatu. Ukishapata sehemu na saa zenu rudi hapa uziweke, tuone wote zinasemaje.