Otomatiki au manyuali kwa barabara ya Himo na Marangu

Dada yangu, umeuliza ununue gari la otomatiki (linalobadili gia lenyewe) au la manyuali (dereva hubadili gia kwa mkono), kwa kuwa kila siku utapanda na kushuka kati ya Himo na Marangu, mkoani Kilimanjaro, na mteremko unakutia hofu. Mimi ningechagua otomatiki, kwani mwanzoni hutahangaika na klachi unaposimama mlimani, na akili yako itabaki kwa bodaboda na watoto wa shule.

Lakini usishuke ukiwa katika D, yaani gia ya kawaida ya kwenda mbele, huku umekanyaga breki mfululizo, maana breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu. Kabla ya mteremko kuanza, punguza mwendo, weka 2 au L, yaani gia za chini, ili injini ishikilie gari, kisha tumia breki kwa vipindi vifupi. Mwenye manyuali naye hushusha gia. Kuteremka kwa gia huru ili kuokoa mafuta, kama wafanyavyo wengine, ni hatari inayonisikitisha sana.

Penye makazi, kikomo cha kilomita 50 kwa saa kinawahusu wote. Kabla ya masika, fundi akague breki na matairi, nawe ufanye mazoezi pamoja na dereva mzoefu asubuhi ya Jumapili.