Kompyuta tano za steshenari: Office na antivairasi ya kulipia ni lazima?

Si lazima mkuu. Kwa kazi za kuchapa barua na CV weka LibreOffice, programu ya ofisi kama Microsoft Office, ni bure hata kwenye biashara na inafungua mafaili ya Word na Excel (docx na xlsx) vizuri tu, ila wakati wa kusevu chagua docx sio odt ambayo ni aina ya faili ya LibreOffice yenyewe, la sivyo mteja akifungua kwake Word anakuta mpangilio umevurugika anakurudia na kelele. Mafaili ya Excel yenye makro (amri za kufanya kazi zenyewe ndani ya faili) ndio huwa yanagoma, kwa hiyo kama kuna mashine ya mhasibu, hiyo peke yake ilipie Office basi. Antivairasi usinunue, Windows 10 na 11 zina Defender ndani na kwa ofisi ndogo inatosha ilimradi apdeti zinaingia, na hapo ndipo penye shida maana muda wa kawaida wa apdeti za Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025, mashine ambazo hazikubali 11 mi nazitia Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Hizo aktiveta za kwenye flashi, yaani programu za kufungua Windows au Office bila kulipia leseni, achana nazo kabisa, natengeneza kompyuta za watu na nyingi zinakwambia uzime Defender kwanza ndo uweke, sasa hapo umeokoa nini? Halafu soma leseni, TeamViewer kwa mfano, programu ya kuendesha kompyuta nyingine ukiwa mbali, ni bure kwa matumizi binafsi tu, wakigundua ni ya ofisi wanaanza kukukatia katikati ya kazi.