Kama Kuna Anayemdai Marehemu, Ajitokeze

Wiki iliyopita kijana mmoja anayenisoma alinitumia ujumbe usiku wa manane. Bosi wao amefariki, mazishi ni kesho yake, na wenzake wamemchagua aseme neno kwa niaba ya wafanyakazi. "Dada, nikisema alikuwa mpole na mnyenyekevu si inatosha?" Nilikuwa nimelala. Nilipouona, bila shaka walikuwa wameshatoka makaburini. Basi namjibu hapa, na wewe unayesoma, ambaye najua unaota siku moja uwe na duka lako na watu wa kukuita bosi, jibu hili linakuhusu kuliko linavyomhusu yeye.

Haitoshi. Sijawahi kukaa kwenye msiba wa tajiri, Dar es Salaam hii, nikasikia wasifu unaosema marehemu alikuwa na kiburi.

Mimi nina mtu ninayemtumia kuwapimia wengine. Jina silitaji kwa sababu watoto wake sijawaomba ruhusa, na mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Tulimwita Mzee. Mpemba, mwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi Gerezani, Kariakoo: nondo, mabati, misumari, mabomba. Niliingia pale kuandika risiti, binti wa kidato cha nne nisiyejua tofauti ya bati la geji 28 na la geji 30. Nilitoka najua kuendesha biashara. Miaka ya katikati naiacha, ilikuwa ya kuhesabu misumari.

Mlinzi wetu alimzidi Mzee umri. Kila asubuhi mwenye duka ndiye aliyeanza, "Shikamoo," na mlinzi akaitikia "Marahaba" akiwa amekaa kwenye kiti chake bila wasiwasi wowote. Wateja kutoka mikoani walidhani mlinzi ndiye mwenye mali, kuna mmoja alianza kumwomba yeye punguzo. Mchana Mzee alikula kwa mama lishe nyuma ya duka, benchi moja na makuli, na ukikosea hesabu hakukusema mbele ya wateja. Alikuita stoo. Huko stoo, sasa, ulisikia.

Lakini hayo yote mtu anaweza kuyaigiza. Mameneja wengi siku hizi wanakula na wafanyakazi, wanapiga na picha. Nilichokuja kukiona kwa Mzee ni namna alivyolipa. Lori likishusha saruji, makuli walikuwa wameshika hela yao kabla mfuko wa mwisho haujapangwa. Alikuwa akitukumbusha hadithi ya Mtume, kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na kwa Mzee hilo halikuwa la msikitini tu. Kijana wa guta hakuambiwa "njoo kesho". Mama lishe hakuwa na daftari la madeni ya duka letu. Wauzaji wakubwa, wenye maghala yao Barabara ya Nyerere, ndio walioambiwa wasubiri, kwa sababu wao wana pa kuegemea. Nilipoacha kazi nikakuta michango yangu ya NSSF imetimia, ile asilimia 20 ya mshahara, sehemu yangu na yake, hakuna mwezi uliorukwa. Waulize wenzio wa madukani Kariakoo wangapi wanaijua hata namba yao ya uanachama.

Malaika hakuwa. Kuomba nyongeza ya mshahara ilikuwa vita, na chai ya ofisini ilikuwa nyepesi unaona chini ya kikombe. Kuamua jambo kulimchukua muda mpaka ukachoka kusubiri. Ila alichokubali kukulipa, kilikuwa chako tangu siku ile.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021, Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua, nilikuwa nimeshaondoka kwake. Walionisimulia ni vijana wa dukani: asubuhi yake alifungua stoo ya nyuma, akawaambia waliookoa chochote waweke humo mpaka wapate pa kwenda. Kodi hakutaja. Mmoja wao, muuza majembe, alikaa mpaka vijana wakaanza kulalamika kwamba wanajikwaa.

Nami alinishika mkono. Nilipomwambia nataka kufungua duka langu Mbagala hakununa, na mabosi wa kununa mnawajua. Alinipa mabati na misumari mali kauli, bila karatasi, mbele ya karani aliyenirithi. Nililipa kabla ya siku tuliyopatana, shilingi ya mwisho, na mpaka leo nikikumbuka alivyotikisa kichwa kwa kuridhika najisikia mrefu. Niruhusuni nijisifu kidogo.

Alifariki alfajiri, akazikwa alasiri hiyohiyo Kisutu. Hakukuwa na wasifu wa kusomwa wala kipaza sauti cha kupokezana. Wanawake tulibaki nyumbani kwenye mikeka, na huko ndiko nilikomjua mara ya pili. Mjane wa kuli mmoja alisema ada za mwanawe zilitoka wapi. Mama lishe alilia kuliko mabinti wa marehemu, mpaka wao ndio wakambembeleza. Waume zetu waliporudi wakatusimulia tangazo. Mnalijua: kabla ya kuswaliwa, mtu wa familia anasimama na kusema, kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze, au amsamehe. Mwanawe alitangaza. Kimya. Akarudia. Waliomfuata baadaye walikuwa ni watu wanaodaiwa, wanauliza wamlipe nani. Daftari lilipofunguliwa kukawa na kazi nyingine, maana nusu ya majina ni "Fundi Kofia" na "Yule wa Temeke", na sisi tuliowahi kufanya kazi pale tukaitwa kuwatambua.

Mwaka 2019 tuliwapoteza wafanyabiashara watatu maarufu: Ruge Mutahaba mwezi Februari, Reginald Mengi mwezi Mei, Ali Mufuruki mwezi Desemba. Watu walijaa Ukumbi wa Karimjee kumuaga Mengi, mtu aliyeanza viwanda kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake. Waliomlilia kwa sauti ni pamoja na watu wenye ulemavu, aliokuwa akila nao chakula cha mchana kila mwaka. Mimi na wewe hatutafunguliwa Karimjee, tusidanganyane. Tutakachopata ni lile tangazo, au kwa ndugu zangu Wakristo, minong'ono ya nyuma ya turubai wakati wasifu unasomwa.

Kwa hiyo unayeanza biashara, lipa wadogo kwanza. Nasema tena, wadogo kwanza: fundi, kuli, mama lishe, dada wa usafi. Kuna bosi mmoja mjini hapa, ofisi yake ina kiyoyozi mpaka korido, nilimpelekea rangi na vigae vya ghorofa nzima. Ankara yangu ina vumbi. Kila nikienda ni "njoo Ijumaa", na mapokezi wananiita mama kwa heshima zote. Mtu huyo anaandika mitandaoni kila Jumatatu kuhusu uongozi wa kutumikia watu. Alipofariki mfanyabiashara mwenzake, tanzia aliyoiandika ilinitoa machozi, halafu nikakumbuka vigae vyangu. Mwogope Mungu, kaka. Tangazo linakuja.

Nikarudi kwa yule kijana, nikamwandikia: taja jambo moja alilokufanyia, siku yake na mahali pake, kisha kaa chini. Akajibu kwamba ameshasema, amesema mpole na mnyenyekevu, watu wameitikia vizuri. Halafu ujumbe wa pili ukaingia: "Ila dada, mishahara yetu ya miezi miwili hatujalipwa. Tunadai wapi?"

Hapo sikuwa na la kuhubiri. Nikamwambia asiwaguse wafiwa wakati turubai bado liko juu. Wakusanye mikataba, hati za mshahara, hata jumbe za simu. Kama biashara ilikuwa kwa jina la marehemu mwenyewe, wasubiri ateuliwe msimamizi wa mirathi mahakamani, wampelekee dai kwa maandishi, kwa sababu madeni hulipwa kabla warithi hawajagawana. Kama ni kampuni iliyosajiliwa, kampuni haijafa, waidai kampuni yenyewe kupitia wakurugenzi waliobaki. Na waende pamoja, wasimtangulize mtu mmoja akaonekana mkorofi.