Nta, sabuni au nazi: kwa wewe unayeanza kuvuta waya wa brasi

Kila kijana anayeingia karakanani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, huuliza swali lile lile kabla wiki haijaisha: "Fundi, nipake mafuta gani?" Huuliza akiwa ameshika koleo, jasho linamtiririka, na waya umemkatikia kwa mara ya tatu kwenye chamburo, lile bamba la chuma lenye matundu tunamovutia waya uwe mwembamba. Kwa kuwa waya umekwama, anadhani dawa yake ni utelezi. Mimi humpokea ule waya nikaukunja kwa vidole. Ukinirudi kama springi, namrudishia na kumwambia aende motoni kwanza.

Nianzie hapo, maana ndipo wengi wanapopotea. Brasi, ile shaba ya manjano, huwa ngumu kadiri unavyoivuta. Waya wa milimita 2 ukishafika 1.4 umebaki na nusu tu ya unene wa mwanzo, ukiupima kwa uso wa pale ulipokatwa. Hapo umekakamaa, na hata ukiuogesha kwenye pipa la mafuta utakatika tu. Uviringe kama kata ya kubebea ndoo, uufunge usifumuke, uupashe moto mpaka uone wekundu wa mbali, kisha uuache upoe. Fanya hivyo kivulini. Saa saba mchana nje ya mlango wekundu huo hauonekani, na ukija kuuona ujue umeshapitiliza. Brasi iliyopitiliza hutoa moshi mweupe, ndiyo zinki inayotoka hiyo. Uvute moshi huo mchana, usiku utatetemeka kwa homa ukidhani ni malaria.

Na kuna brasi ambayo hata moto hauisaidii. Koki kuukuu za bomba na vifaa vingi vilivyochongwa kwenye mashine vina risasi ndani yake, ile madini, iliyotiwa makusudi ili chenga zikatike vizuri wakati wa kuchonga. Ukiyeyusha vitu hivyo ukavuta waya, unapasuka pasuka kama muwa mkavu. Brasi nzuri ya kuvuta ni ya shaba asilimia 70 na zinki 30. Kama hujui ulichonunua kwa wauza vyuma chakavu, jaribu kipande kidogo kabla hujalaumu mafuta.

Sasa tuje kwenye mafuta. Kilainishi kazi yake ni kukaa katikati ya waya na chuma pale tundu linapobana, kisikamuliwe kikatoka. Ndiyo maana mafuta ya taa, pamoja na wepesi wake wote, hayafai hapa: hukamuliwa yote kama tui kwenye kifumbu, ukabaki na chuma juu ya brasi. Utasikia mwenyewe. Waya mkavu hulia, hukwaruza, na mkono unahisi unavuta kwa mikupuo badala ya kuteleza sawasawa. Ukiugeuza juani unaona mistari myembamba inayoufuata waya kwa urefu.

Mimi mtu wa nta ya nyuki. Ya kwetu hutoka upande wa Handeni, huja mabonge ya kahawia yenye takataka na miguu ya nyuki ndani, kwa hiyo usiitumie kama ilivyo. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, basi sufuria iliyokaa juu ya maji ya moto inatosha. Usiiweke juu ya moto mtupu ikakuwakia. Ichuje kwa kitambaa, iache igande. Waya ukiwa na uvuguvugu kidogo, upitishe juu ya bonge mara moja. Mara moja! Unachotaka ni ung'avu uliofifia, kama kiatu kilichopakwa rangi kikawa bado hakijapigwa brashi. Ukiona ganda la nta, umezidisha.

Wanafunzi hawaniamini ninaposema kuzidisha ni kosa. Wanaona kilainishi kingi ni heri. Angalia basi mdomo wa tundu baada ya kuvuta waya uliojaa nta: imejikusanya pale, imenata vumbi la tupa na majivu, na ule uchafu sasa unasaga waya kila unapopita. Wenzetu wa nje wanaobana maganda ya brasi ya risasi za bunduki yaliyokwisha kupigwa, yarudi kwenye kipimo chake, wana adhabu mbaya kuliko yetu. Wengi wao hupaka lanolini, mafuta yatokayo kwenye sufu ya kondoo. Wakipunguza mno, ganda linang'ang'ania ndani ya kalibu. Wakizidisha, mafuta yanakosa pa kwenda, na kwa kuwa mafuta hayashindiliki, ganda ndilo linalobonyea begani, pale linapoanza kuwa jembamba. Ukija kuvuta mirija badala ya waya utanikumbuka.

Sabuni ya mche nayo si ya kudharau. Viwanda vya waya hutumia sabuni ya unga kwa kazi hii hii, na faida yake kwetu ni kwamba inatoka kwa maji ya moto tu. Kwa anayeanza, ambaye ataharibu zaidi ya atakachouza, mimi humpa sabuni kwanza. Iwe kavu lakini. Masika hapa mjini kipande cha sabuni kikikaa dirishani kinalowa chenyewe kwa unyevu wa bahari, na sabuni iliyolowa inateleza mkononi vizuri sana halafu tundu linaikamua yote.

Mafuta ya nazi ni mazuri kwa waya mwembamba, chini ya milimita moja, ambapo nta huwa nzito. Tone moja kwenye kitambaa, basi. Ubaya wake uko baada ya kazi. Mafuta ya nazi yakikaa siku nyingi juu ya brasi huchacha, na ule uchachu unakula shaba na kuacha rangi ya kijani. Niliwahi kufungua kopo la waya nililoliacha tangu kabla ya mfungo, nikakuta umeota kijani kama ukuta wa kisima. Mafuta ya nyonyo yanashika chuma vizuri kuliko ya nazi, ila kuyatoa ni shughuli.

Oili ya gari sitaki kuiona mezani kwangu, na sababu nimeilipia. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kazi ya mikufu ya kupambia ukumbi wa harusi, brasi tupu, vipete zaidi ya mia nne. Nta ilikuwa imeniishia. Jirani alikuwa fundi magari, akanipa oili ya gia, ile nzito yenye harufu ya kiberiti. Waya ulipita kama siagi! Nikajiona nimegundua jambo. Niliufuta kwa kitambaa, nikaupasha, ukatoka na mabaka meusi. Nikasema nitayang'arisha mwisho. Nikakata vipete, nikaanza kulehemu: lehemu ikajikusanya kama tone la maji kwenye jani la mgomba, ikakataa kuingia kwenye maungio. Vile vilivyoshika vilifumuka nilipovuta mkufu kuujaribu. Kazi ile niliirudia yote kwa waya mpya, na mama mwenye harusi alikuwa amekaa pale kibarazani ananitazama, hasemi kitu.

Kilichoniponza ni kiberiti. Oili za gia hutiwa dawa zenye salfa, ndicho kiberiti chenyewe, ili zihimili mgandamizo wa chuma kwa chuma, na salfa hiyo hiyo ikikutana na shaba, hasa penye moto, huipaka weusi. Oili chafu ya injini ni mbaya kwa namna nyingine: ina masizi na unga wa chuma, na ngozi ya mikono yako haitakushukuru kwa kuiogesha humo miaka yote.

Kwa hiyo unapochagua, jiulize kwanza utaitoaje. Nta na mafuta ya nazi mimi huchemshia maji yenye magadi na sabuni kidogo, kisha nasuuza. Halafu kipimo ambacho hakikudanganyi: chovya waya kwenye maji safi, uinue. Maji yakiutandaa mwili mzima kama ngozi, ni safi, twende kwenye lehemu. Yakijikunja kuwa vitone vitone, mafuta bado yapo, rudisha sufuriani. Fanya hivi pia kabla ya kupasha, la sivyo unachoma uchafu ukaganda.

Jambo jingine linahusu mahali pa kuweka kazi yako, na wengi hawaambiwi. Waya uliovutwa ukakakamaa una mkazo ndani, na amonia, ile harufu kali ya mkojo uliokaa, huupasua bila kuuma wala kukwaruza. Waingereza walilijua hili India: maganda yao ya risasi, yaliyowekwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua, yalikutwa na nyufa. Mwaka 1921 ndipo ilipoelezwa kwamba mvuke wa mkojo wa farasi ndio uliokutana na mkazo wa brasi iliyofinywa baridi. Sisi hatuna farasi, tuna mbuzi wa jirani nyuma ya ukuta. Bangili zangu za brasi ngumu siziachi rafu ya upande ule, na dawa ya kusafishia yenye amonia siigusishi. Kung'arisha, tumia ukwaju.

Jioni ukimaliza, usitundike chamburo na nta ndani ya matundu. Chukua njiti ya chelewa, ichovye mafuta ya taa (hapa ndipo yanapofaa), uingize kwa upande mpana wa tundu, uzungushe, utoe, ufute, uchukue nyingine. Matundu thelathini, njiti kama kumi. Kisha lipake chamburo lenyewe oili safi ya mashine kwa nje, maana upepo wa bahari hapa hausubiri kesho kulitia kutu. Asubuhi ifute ile oili yote kabla hujagusa waya.