Povu la Sabuni: Barua kwa Mwanangu Mwanajuma

Muheza, Januari 2025

Mwanangu Mwanajuma, mama yangu,

Salamu sana. Huku hatujambo. Mama yako goti linamsumbua asubuhi tu, likishapata jua linatulia. Meseji yako ya juzi usiku niliisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti ili naye asikie. Uliandika: "Baba, nina miaka 42, nimechoka na hesabu za watu. Nataka kusoma sheria niwe wakili. Niache kazi nisome vizuri, au nimeshachelewa?" Ningekupigia, lakini kwenye simu wewe hunikatiza na mimi husahau. Kijana wa jirani atazipiga picha kurasa hizi akurushie.

Kuchelewa hujachelewa, hilo tuliache. Swali ni hilo la kuacha kazi, na hapo nina la kusema, maana nusura niache mimi, na wewe ungelala njaa bila kujua kwa nini.

Ulikuwa na miaka saba. Mimi nilikuwa karani wa mishahara kwenye shamba la mkonge. Watu walidhani karani ana raha: ana kivuli, ana meza, ana kalamu. Lakini shamba likianza kufa, karani wa mishahara ndiye anayeanza kunusa. Babu yako alikuwa akituhadithia habari za mwaka 1964, nchi hii ilipotoa tani 230,000 za mkonge, Tanga nzima inanuka singa (nyuzi za mkonge) na fedha. Nilipofika mimi kwenye ile meza, kamba za plastiki zilikuwa zimeshalila soko. Korona, ile mashine ya kutoa singa, ilikuwa inalala siku mbili tatu kwa wiki kwa kukosa majani ya kusaga. Daftari langu la mishahara lilikuwa la kurasa 31 nilipoanza. Mwaka 1990 nilikuwa nikijaza 19, na mwisho wa mwezi watu walikuwa wakiniuliza mimi kama mwezi ujao upo. Nami nilikuwa na miaka 38 na watoto wanne.

Siku moja friji ya kantini ikaacha kugandisha. Akaletwa fundi Mdigo kutoka Ngamiani, mzee mfupi mwenye begi la turubai. Nilikuwa napita na daftari kwapani, nikasimama. Alikoroga sabuni kwenye kikombe mpaka likawa povu zito, akachukua brashi ya kunyolea ndevu, akapaka povu kwenye kila ungio la mrija wa shaba. Kisha akakaa kitako akatazama tu. Dakika zinapita, hasemi. Halafu kwenye ungio moja, nyuma kabisa karibu na kompresa, povu likatuna kama jicho la kenge, likapasuka, likatuna tena. "Hapo," akasema.

Mama, sijui nikueleze vipi. Ofisini kwangu fedha zilivuja miaka na miaka, nilizijua mpaka njia zake, na hakuna aliyetaka nimwonyeshe tundu. Huyu mzee alikuwa amelitafuta tundu, amelipata, na sasa ataliziba na kulipwa palepale. Usiku ule nikamwambia mama yako nataka kuacha ukarani nikajifunze friji.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akaniuliza, "Na sisi tutakula hilo povu?"

Nilinuna siku mbili. Lakini ndiye aliyenipangia utaratibu, ingawa baadaye mimi ndiye nilikuwa nikijisifia nao barazani. Kazi haiachwi. Jumamosi nikitoka saa saba mchana napanda basi kwenda Tanga, nashinda kwa fundi mpaka usiku, nalala kibarazani kwake, Jumapili nashinda tena, narudi na basi la mwisho. Chochote nitakachopata kwenye friji kinaingia kwenye kopo la maziwa ya unga, hakuliwi hata shilingi. Siku ambayo kopo litapata zaidi ya nusu ya mshahara wangu kwa miezi sita mfululizo, siku hiyo ndiyo tutazungumza.

Miezi minane ya kwanza kopo lilikuwa tupu. Mwanafunzi halipwi, tena mimi nilikuwa mwanafunzi mzee mwenye vidole vya kushika kalamu. Nilichoma maungio, niliacha unyevu ndani ya mrija ukaganda ukaziba, nikavunja mrija wa mteja ambaye ni muuza samaki wa pale Deep Sea, na aliyemtuliza ni fundi wangu. Ningekuwa nimeacha kazi, mwezi wa tatu tu ningerudi shambani kuomba hata kibarua cha kukata. Kwa kuwa mshahara ulikuwepo, niliweza kuwa mjinga kwa muda wote ambao ujinga wangu ulihitaji. Ada yangu ya ufundi ililipwa na ule ukarani nilioudharau, na watu wa kijiweni kwenu wanaokwambia "jilipue" hawakwambii nani atanunua unga katika ile miezi ya ujinga.

Kosa langu moja nikueleze ulikwepe. Nilifanya kwa kificho. Basi siku moja, saa nne asubuhi, mkokoteni ukaingia mpaka mlango wa ofisi ya shamba, umebeba friji ya muuza soda wa Ngomeni, kijana anauliza kwa sauti, "Fundi karani yupo?" Meneja alikuwa dirishani. Niliitwa, nikapewa barua ya onyo, na kwa miezi mitatu nilitembea kama mwizi. Wewe umesoma, toa mkataba wako wa kazi usome kama una kifungu kinachokataza kazi nyingine bila ruhusa. Kusoma si kosa, lakini siku za mitihani utahitaji ruhusa, na bosi aliyeambiwa mapema ni tofauti na bosi aliyesikia kwa dereva.

Niliacha ukarani mwaka 1994. Miaka minne, si miezi sita kama nilivyopiga hesabu mwanzoni. Na usidhani ukishavuka umevuka, maana gesi ya friji ya R12 niliyojifunzia ikaja kupigwa marufuku kwa ajili ya tundu la ozoni (tundu jingine hilo), ikaja R134a na mafuta yake tofauti ya kompresa, nikarudi kuwa mwanafunzi nikiwa na mvi.

Sasa yako.

Najua ilikoanzia. Ni ile siku kampuni ilipokupeleka CMA, tume ya kuamua migogoro ya kazi, kutoa ushahidi wa malipo ya madereva waliofukuzwa. Uliniambia wakili wa upande wa pili alikuuliza maswali matano tu, na kwa matano hayo hesabu zenu zote zikaonekana zilivyo. Ukaniambia, "Baba, nilitaka kuwa yeye." Nikacheka, lakini nililielewa lile jicho. Ndilo nililokuwa nalo kwenye povu.

Kusoma sheria ukiwa kazini kunawezekana. Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya 1992 na kuanza kufundisha 1994 kwa ajili ya watu kama wewe, wenye mshahara asubuhi na watoto jioni. Nakumbuka kilipoanza walimu wa hapa Muheza wakijiandikisha na kusomea koroboi. Kituo cha Temeke hakiko mbali na hapo Mbagala. Shahada ya kwanza unayo, kwa hiyo mlango hautakusumbua. Kitakachokusumbua ni saa kumi na mbili jioni, umetoka kazini, foleni ya Kilwa Road imekula nguvu, na kuna kitabu cha mikataba kinakusubiri. Likizo yako ya mwaka ni siku 28 kwa sheria ya kazi ya 2004. Zihesabu kama fedha. Usizimalize kwenye harusi za Pangani, ziweke kwenye mitihani, ukubaliane na bosi mapema maana tarehe anapanga yeye.

Halafu kuna hesabu ambayo nashangaa mhasibu hukuileta. Uliajiriwa Januari 2013. Mpaka Desemba iliyopita, kama mwajiri hajaruka mwezi, una michango 144 ya NSSF. Pensheni ya kila mwezi uzeeni inataka isiyopungua 180. Umebakiza 36, nayo ni miaka mitatu kamili, na shahada ya sheria nayo haipungui miaka hiyo. Ukiacha leo, unasoma huku umeacha pensheni mlangoni. Ukisoma ukiwa kazini, unamaliza masomo na michango imetimia, baada ya hapo hata ukiondoka fungu lako linakungoja ufike umri. Na usijidanganye na lile fao la upotevu wa ajira. Ni la aliyeondolewa, aliyejiuzulu kwa hiari yake halimhusu. Kabla ya lolote, chukua taarifa ya michango, kagua mwezi kwa mwezi. Nimewaona wenzangu wa shamba wakigundua mashimo siku ya kustaafu.

Pale ninapoogopa ni mbele zaidi. Shahada haikufanyi wakili. Lazima upite Shule ya Sheria, ile taasisi ya mafunzo kwa vitendo iliyoundwa 2007, na kule ni kuhudhuria darasa na kwenda vitendo, si jambo la kubana kwenye jioni za mhasibu. Unakumbuka kelele za Oktoba 2022? Wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26, na wote hao walikuwa na shahada za sheria tayari. Sikuambii kukutisha. Nakwambia kopo lako la maziwa ni kwa ajili ya kipindi kile. Kipindi kile ndicho cha kuomba likizo bila malipo, au hata kuaga kazi kwa notisi, ukiwa umeshaweka kodi, ada za watoto na unga wa mwaka mzima. Fedha za kuacha kazi leo ziweke, zitakufaa siku ambayo kweli haiwezekani kushika vyote viwili.

Na kuna njia ya mzunguko ambayo mimi sikuwa nayo. Hapo hapo kampuni kwenu kuna kazi za sheria zinazofanywa na watu wasio mawakili. Omba uhamishiwe kwenye mikataba na mapingamizi ya kodi. Omba uwe unaiwakilisha kampuni CMA, maana pale sheria inaruhusu mtu kuwakilishwa hata na asiye wakili aliyemchagua mwenyewe. Utakaa kwenye chumba kilekile, utajua kwamba mgogoro wa kufukuzwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30, utawaona wanaopoteza haki kwa kufika siku ya 40. Huenda ukagundua unaipenda kazi ile hata ikiwa ya kuchosha. Huenda ukagundua ulimpenda yule wakili mmoja na maswali yake matano, basi. Vyote viwili ni vizuri kuvijua kabla ya kulipa ada.

Sasa niseme lile ambalo mama yako ameniambia nisisahau. Ile miaka minne mimi sikuilipa peke yangu. Jumamosi zilikuwa zako. Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa kwenye lile jiwe la njia panda Jumapili jioni kusubiri basi, na nilipokuwa nashuka ulikuwa ukininusa mikono unasema, "Baba ananuka chuma." Niliona ni utani. Nilipoacha shamba na kuanza kushinda nyumbani, ulikuwa na miaka kumi na moja, na hukutaka tena kushikwa mkono. Sikuipata ile miaka, na hakuna friji niliyotengeneza iliyonirudishia. Salma ana miaka tisa. Kabla hujajiandikisha, mkae wewe na baba Salma mchague siku moja ya wiki ambayo kitabu hakifunguliwi, muiandike ukutani. Sisi hatukuandika.

Jumamosi ya tarehe 18 njooni. Uje na mkataba wa kazi, taarifa ya michango, na karatasi ya matumizi yako ya mwezi, ile ya kweli, si ile unayomwonyesha mumeo. Mama yako anasema baba Salma asikose, kwa sababu usiku wa mitihani atakayepika ni yeye na yafaa asikie mapema. Na ile friji yenu ndogo inayolia usiku, msimwite mtu. Iwekeni kwenye gari. Begi langu bado liko nyuma ya mlango, na brashi imo.

Baba yako