Bustani za Haifa: maswali yenu

Tangu nitaje hapa kwamba nilizuru bustani za Wabahai, wafuasi wa dini ya Baha'i, mjini Haifa, Israeli, jumbe zimekuwa zikimiminika. Haya, tuanze.

*Mwandishi, nina miaka 61 na magoti yananisumbua. Nitaziweza ngazi hizo? – Mama, Mbale*

Mama, hupandi, unashuka. Matembezi ya kuongozwa huanzia juu, barabara ya Yefe Nof, mkateremka Mlima Karmeli. Matuta ni 19, yametandazwa kwa takriban kilomita moja katikati ya mji. Usiwaze matuta yetu ya Maragoli, ya kuzuia mvua isiondoke na udongo; haya yamepandwa maua, na nyasi nilikuta mtu amechuchumaa akizikata ukingoni kwa mkasi. Kando ya ngazi maji hutiririka, na mlio wake hufunika honi za mji. Lakini kushuka nako ni kazi. Kesho yake mapaja yalinikumbusha kila ngazi. Beba fimbo.

*Kiingilio pesa ngapi? – Bungoma*

Bure. Hata sadaka hawapokei, isipokuwa kwa Mbahai mwenzao. Mimi niliyezoea kutozwa hata kwa kwenda msalani pale steji, nilisimama langoni nikipapasa mfuko.

*Zina uhusiano wowote na ile Nyumba ya Ibada ya Matunda? – Kitale*

Upo, ndugu yangu, na ndio ulionipeleka. Ile ya Wabahai kule Matunda, Kenya, yenye pande tisa, ilifunguliwa Mei 2021, ya kwanza ya aina yake ya kuhudumia eneo la karibu barani Afrika. Haifa ndipo alipozikwa Bab, mtangulizi wa imani hiyo, aliyepigwa risasi Tabriz, Uajemi, mwaka 1850. Mabaki yake yalifichwa huku na kule miaka mingi hadi yakazikwa Karmeli 1909. Kaburi lenye kuba la dhahabu liko kwenye tuta la katikati: tisa juu yake, tisa chini. Hayo 18 ni kwa heshima ya wanafunzi wake 18 wa kwanza. Msanifu wa matuta ni Fariborz Sahba, na umma uliruhusiwa kuingia mwaka 2001. UNESCO iliyaorodhesha kuwa urithi wa dunia 2008.

Ukiingia kaburini, vua viatu na uweke simu mfukoni. Picha hairuhusiwi mle ndani.

*Naweza kubeba chapati zangu? – Kondele, Kisumu*

Maji tu, bwana. Mkate wangu niliumalizia nje ya lango, nimesimama.