Kuchanganya wanafunzi ukumbini si kuwafundisha kazi ya pamoja

SWALI: Daktari, shikamoo. Ninafundisha chuo cha udaktari. Tumewachanganya wanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasi kwenye mihadhara ya maadili, lakini wakifika wodini kila kundi liko kivyake. Tuongeze vipindi?

JIBU: Marahaba. Msiongeze. Mihadhara hiyo inawapunguzia uhaba wa kumbi, basi. Shirika la Afya Duniani lilishaeleza mwaka 2010 kwamba wanafunzi wa fani mbili au zaidi wajifunze kuhusu wenzao, kutoka kwao na pamoja nao. Ukumbi mzima ukimsikiliza mtu mmoja, hakuna anayejifunza kutoka kwa jirani yake.

Wapelekeni kwa mgonjwa. Mama mwenye kifafa cha mimba ameanzishiwa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Kabla ya kila dozi mkunga anahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika; anagonga goti aone kama mguu unaruka; anapima mkojo, usipungue mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, dozi inazuiwa. Mwanafunzi wa udaktari na wa ukunga waijaze chati ya vipimo hivyo pamoja usiku kucha, wa famasi awaeleze kwa nini kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzimua magnesiamu ikizidi mwilini, iwe tayari kitandani. Asubuhi kwenye raundi, wa ukunga ndiye atoe taarifa, na daktari bingwa amsikilize mpaka amalize. Daktari mtarajiwa ataona kwa macho yake dozi ikizuiwa na mtu asiye daktari, tena kwa haki kabisa.

Kinachoniudhi ni hizi semina za siku moja: bango, chai, vyeti, halafu tunaambiwa timu imejengwa. Anayewauzia hizo anawadanganya. Tazameni orodha ya usalama wa upasuaji, ile ambayo timu nzima huihakiki kwa sauti chumbani. Ilipojaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ya Ifakara, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, kwa matokeo yaliyotolewa mwaka 2009. Leo nakuta vyumba ambamo karatasi ileile imejazwa tiki zote kabla mgonjwa hajapanda mezani, na hakuna aliyefungua mdomo. Wanafunzi wanaona, wanaiga.

Wanaiga pia bingwa anayemkaripia muuguzi mbele ya mgonjwa. Kwa hiyo kabla ya kugusa ratiba, zungumzeni na mabingwa wenu. Kisha mpeni mwalimu wa uuguzi sehemu ya alama za mtihani wa wodini wa wanafunzi wa udaktari, na msikubali alama hizo zifutwe wakilalamika.